Visanduku vya Picha

Jumatatu, 4 Machi
Kiti cha mkuu wa mawasiliano hapa idara ya maji kiko wazi. Nimekisubiri hadi nywele zimekata tamaa kabla yangu. Leo mkurugenzi katuita, mimi na Bi Nadhifu, yule wa meza ya dirishani ambaye hata kikombe chake kina kitambaa. Ijumaa kila mmoja ataionyesha bodi slaidi za kazi za mwaka. Atakayefanya vizuri, kiti ni chake. Ila slaidi ziwe za kila mtu: anayeona hafifu, asiyesikia, asiyeona kabisa. Nikauliza asiyeona slaidi anazitakia nini. Mkurugenzi akanitazama kama anavyotazama bomba lililopasuka. Nimesema nini kibaya?

Jumanne, 5 Machi
Nimemwonyesha mama watoto slaidi zangu. Herufi nyekundu juu ya kijani, zinaingia zikizunguka kama feni. Kazi ya mikono yangu. Kasema hasomi kitu na kichwa kinamuuma. Nikamwambia tatizo ni macho yake. Akasema, haya, baba, basi mimi ndiye yule anayeona hafifu ambaye mkurugenzi wenu anamsema.
Nimemaliza chai, nikafungua tena kompyuta.
Nimebadilisha zote. Nyeusi juu ya nyeupe, herufi kubwa, maneno machache, hakuna kinachozunguka. Utadhani tangazo la msiba.

Jumatano, 6 Machi
Ipo kero nyingine. Bi Nadhifu kaniambia kila picha ina kisanduku chake cha maelezo, ambacho kompyuta humsomea kwa sauti mtu asiyeona. Visipojazwa, slaidi hazipokelewi. Akaniuliza, kaka, nikusaidie? Akiniita kaka najua ananicheka. Nikakataa.
Nimechunguza. Ukionyesha slaidi ukutani, maelezo hayo hayatokei hata kidogo. Kisha nikaenda kwenye korido kuitazama picha ya bodi. Wajumbe wote wana macho. Mama mmoja mwanasheria kavaa hata miwani ya jua ndani ya nyumba. Maringo tu.
Sasa mtu mzima nimjazie nani visanduku? Kwa hasira nimeandika ya moyoni. Mkurugenzi akikata utepe: "Gunia limevaa tai, linagombana na mkasi." Bi Nadhifu akipokea cheti: "Anatabasamu kama aliyekichapa mwenyewe." Picha yangu kwenye bomba jipya: "Kijana mtanashati, nywele tele, ndiye aliyefanya kazi yote."
Nafsi imepoa.

Alhamisi, 7 Machi
Nimewasilisha. Karani wa mkurugenzi kaangalia kama visanduku vimejazwa. Vimejazwa. Kanipa pongezi, eti wengine huandika "picha" wakaishia hapo. Nimempitia Bi Nadhifu nikipiga mluzi.

Ijumaa, 8 Machi
Siku mbaya. Mama wa miwani ya jua kaingia na fimbo nyeupe, anapapasa njia hadi kiti chake.
Hata hivyo nikaanza. Nilisoma kila slaidi, nilisema polepole, mkalimani wa lugha ya alama hakupata shida nami. Huenda mama yule hajavisikiliza visanduku, nikajipa moyo. Nikauliza kama kuna swali.
Mama kainua mkono. Kasema alitumiwa slaidi jana na kazisikiliza zote. Kashukuru sana. Miaka yote husomewa "picha ya watu", leo ndiyo kwanza kaelezwa watu wakoje. Ila kidogo kachanganyikiwa, kwa kuwa siku zote alidhani mkurugenzi wetu ni mwembamba. Je, lile gunia lilifanikiwa kukata utepe?
Ukumbi ukacheka hadi mkalimani akashindwa kunyoosha mikono. Mkurugenzi aliangalia tai yake. Mama hakuwa amemaliza. Akaomba aonane na yule kijana mwenye nywele tele. Bi Nadhifu, kwa sauti ya upole kabisa, akasema, mama, ndiye huyo anayezungumza nawe, ila nywele zimesafiri.
Nyumbani nimemsimulia mama watoto. Nilitegemea pole. Kacheka hadi kakaa chini.

Jumatatu, 11 Machi
Kiti kachukua Bi Nadhifu. Dhuluma tupu. Slaidi zangu zilisomeka, zilisikika, na bodi haikusahau hata moja.
Tena mama wa fimbo nyeupe kaomba maelezo ya picha zote za idara niyaandike mimi, kwani nina jicho. Bi Nadhifu ndiye atakayeyakagua moja moja. Kaniambia, kaka, safari hii andika kinachoonekana. Mkurugenzi hanisalimii, akipita huvuta tumbo ndani.
Basi nimeandika kwa adabu. "Mkurugenzi anakata utepe." "Mkuu wa mawasiliano yuko mezani kwake." Nimeandika hivyo hadi kifua kimenibana.
Ila mchana nimegundua jambo. Chini ya kila slaidi kuna nafasi nyingine kabisa, ya maandishi ya kumkumbusha msemaji la kusema. Ukutani haitokei. Nimehakikisha mwenyewe. Slaidi za mkutano wa wateja wote atazisoma Bi Nadhifu wiki ijayo, nami ndiye ninayemwandalia.
Nimeanza kuandika ya moyoni kwenye ya kwanza. Nafsi imepoa kabisa.