Kibuyu cha Gogo Kinanukia Ndimu

Wadau, leo nimeaibika hadi nikatafuta shimo la kujificha nikakosa.

Mnajua mimi ndiye katibu wa klabu ya mazingira hapa chuoni. Yule anayesumbua hosteli nzima juu ya chupa za plastiki (ndiyo, huyo). Leo tulikuwa tunaonyesha wanafunzi vile watu wa zamani waliishi bila plastiki. Nikabeba kibuyu cha mursik (maziwa yetu ya mgando) cha Gogo, nyanya yangu, aliyetuacha mwezi wa nne. Mama alikuwa amekitundika jikoni kwetu Sosiot na hakuna aliyekitumia tena. Nilikichukua wikendi bila kuuliza. (Mazingira kwanza, adabu baadaye.)

Asubuhi nikachungulia ndani. Kweusi tititi! Nikajiuliza, kweli wageni wanywee kwenye huu uchafu? Nikamimina maji moto na sabuni ya vyombo, ile ya ndimu, nikasugua mpaka maji yakatoka safi. Hata nilijipongeza.

Msichana wa Kipsigis mzima. Nimekaa bweni tangu darasa la nne, na mnaona faida yake.

Saa nne, mbele ya watu, nikatia maziwa, nikatikisa vile Gogo alikuwa anatikisa. Nikamkaribisha mwalimu mlezi wa klabu kwa mbwembwe zote. Akapiga funda moja. Povu likamtoka pembeni mwa mdomo. Uwanja mzima ukavunjika mbavu, simu zote juu. Na mimi nikacheka, ningefanyaje?

Mama anayefagia hosteli yetu hakucheka. Alikichukua kibuyu, akanusa, akaniuliza ni nani alikipaka makaa mara ya mwisho. Nikamwambia ni Gogo. Akanieleza polepole kwamba ule weusi haukuwa uchafu. Ni makaa ya mti ambayo mwenye kibuyu husugua ndani kwa mkono wake, ndiyo yanayotia mursik ladha. Sabuni haikaribii hapo.

Nikampigia Mama nikiwa nimejifungia chooni. Nikamwambia yote.

"Kila asubuhi nilikuwa nakifungua kidogo," akasema. "Nanusa, nafunga. Ilikuwa bado ni yeye."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Basi video mnazo, chekeni povu mpaka mchoke. Ila kibuyu msikicheke. Nimekilaza hapa kwa mto wangu, na kila nikifungua kinanukia ndimu.