Ombi la Kusitisha Ndege Zisizo na Rubani Mpaka Jumamosi Ipite

Chumba cha Nyuma, Ghorofa ya Kwanza,
Juu ya Duka la Vipuri.
Jumanne asubuhi.

Kwa Mkuu wa Majeshi,
Makao Makuu.

Afande,

Nakuandikia nikiwa na afya njema na hasira kiasi. Najua barua za raia hupitia kwa karani kabla ya kukufikia, kwa hiyo namwomba karani naye asome mpaka mwisho, asiishie kwenye kichwa cha barua akacheka, kama alivyocheka mke wangu.

Mimi ni fundi saa. Kwa miaka kumi na moja sasa ni Mwenyekiti wa Chama cha Vita vya Mezani, chenye wanachama saba walio hai na mmoja aliyehamia kwenye drafti. Tunakutana kila Jumamosi alasiri. Meza yetu ni milango miwili iliyounganishwa, na mmoja bado una bawaba zake. Juu yake tumejenga vilima vya sponji, barabara za msasa, mto wa rangi ya mafuta na nyumba za maboksi ya dawa. Askari wetu ni wa plastiki, hawazidi urefu wa kifundo cha kidole. Vifaru vyetu vinaenea kwenye kiberiti. Tunapima mwendo kwa futi, tunarusha dadu, tunapigana mpaka giza liingie, kisha tunakunywa chai. Katika miaka yote hiyo hajaumia mtu, isipokuwa Mwalimu, mtunza kanuni wetu, aliyewahi kujigandisha vidole viwili kwa gundi.

Sasa sikiliza kilichonifikisha kwako. Katiba ya Chama, kifungu cha tisa, ambacho niliandika kwa mkono wangu mwenyewe siku ambayo nilikuwa najiamini kupita kiasi, inasema kwamba Mwenyekiti akipigwa mara tatu mfululizo na mtu mmoja, anamkabidhi mtu huyo kiti. Mwaka huu alijiunga nasi shemeji yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, ambaye ni fundi cherehani. Alisema anataka kuona ni kitu gani kinachonitoa nyumbani kila Jumamosi. Ameshanipiga mara mbili. Mara ya tatu ni Jumamosi hii, saa tisa alasiri. Na mara zote mbili amenipiga kwa silaha yenu, hizi ndege zisizo na rubani ambazo kila mtu sasa anaziita droni. Malalamiko yangu nimeyapanga kwa namba ili yasikuchoshe.

1. Kuhusu kifaru changu. Nilikipaka rangi kwa miezi saba, kwa lenzi ninayotumia kwenye saa za kike na brashi yenye nywele tatu. Nilikiwekea kutu kwenye bomba la moshi na tope kwenye minyororo. Dereva wake ana masharubu. Sisi tuna desturi, haijaandikwa popote lakini kila mtu anaiheshimu: kifaru kipya hakipigwi raundi ya kwanza. Kinatoka, kinatazamwa, wanachama wanakizunguka wakikisifia, halafu raundi ya pili ndipo vita vinaanza. Nilikitoa. Shemeji akainama, akakitazama vizuri, akaniambia, "Hongera shemeji, kizuri kweli." Kisha akachukua kizibo cha soda, ambacho ndicho droni yake, akakiweka juu ya kifaru, akarusha dadu. Kifaru kikaisha hapohapo. Nikakata rufaa kwa Mwalimu. Mwalimu akasema desturi yetu inambana mwenye kifaru, mwenye mzinga na mwenye askari wa miguu, na kizibo si kimojawapo.

2. Kuhusu kizibo chenyewe. Ningepigwa na kitu kizuri ningenyamaza. Lakini Afande, hivi vizibo havijapakwa hata tone la rangi. Anavyo ishirini ndani ya mfuko wa nailoni, na kimoja bado kinanuka machungwa. Nilimwomba shemeji angalau avipake kijivu, kwa heshima ya Chama. Akajibu, "Shemeji, kitu kinachokwenda kulipuka nikipake rangi ili iweje?" Ila nakuuliza wewe: je, za kwenu mnazipaka? Kama hamzipaki, basi jeshi lenu linajifunza wapi uvumilivu?

3. Kuhusu kuona kutoka juu. Hili ndilo linaloniuma zaidi kama mchezaji. Sisi sote tunasimama pembeni ya meza, kwa hiyo sote tunaona kila kitu: nani amejificha nyuma ya kilima, mzinga wa nani uko kichakani. Tunaona, lakini tuna adabu ya kujifanya hatuoni. Kabla ya kupiga unapiga magoti, unaweka kidevu mezani, unafumba jicho moja, unatazama kama askari wako angetazama. Mimi goti langu la kushoto limeisha kwa ajili ya adabu hiyo. Sasa shemeji hapigi magoti. Anasimama wima na kikombe chake, anaangalia meza nzima, anasema, "Droni yangu imekuona pale, na pale, na yule aliyelala kwenye mtaro naye imemwona." Nikimwambia huo si ustaarabu, ananiuliza kama na mimi sikuwa namwona. Nilikuwa namwona. Lakini mimi nilikuwa mtu muungwana.

4. Kuhusu betri. Nilipata moyo niliposikia kwamba droni betri ikiisha lazima irudi, na mwenyewe asubiri raundi nzima. Kisha shemeji akasema wakati hiyo inarudi, nyingine inakwenda. Chini ya namba hii sina la kuongeza.

5. Kuhusu Koplo. Huyu ni askari mstaafu wa jeshi lenu, sasa ni mlinzi wa jengo letu, na tulimkaribisha kwa heshima zote tukijua atatufundisha mengi. Koplo aliviangalia vile vizibo, akakusanya askari wake wote kumi na wawili, akawaingiza chini ya daraja, na huko wako mpaka leo, Jumamosi mbili zimepita. Zamu yake ikifika anasema, "Napita." Nilimweleza kwamba kuna kilima cha kuteka, na kilima kina pointi kumi. Akaniambia, "Mwenyekiti, kilima kipo tu. Hata kesho kitakuwepo." Siku moja uvumilivu ukanishinda, nikamtoa mmoja wa watu wake kwa mkono wangu, nikamweka barabarani, kumwonyesha kwamba hakuna neno. Shemeji akasema samahani, akateremsha kizibo. Koplo akamwokota yule wa plastiki, akamfuta kwa kidole gumba, akamtia kwenye mfuko wa shati na kufunga kifungo. Hajamrudisha. Seti yetu sasa ina pengo, na nikimuuliza ananitazama tu mpaka nabadilisha mazungumzo. Kwa kuwa alifunzwa na nyinyi, naomba mumwandikie.

6. Kuhusu nyumba. Hapa naomba karani asiruke hata mstari.

Kwa miaka kumi na moja hakuna aliyewahi kuuliza nani anakaa kwenye maboksi yetu ya dawa. Nyumba ilikuwa mahali pa kujikinga risasi, basi. Shemeji akaleta hoja kwamba kama droni inapita dirishani, lazima kuwe na kitu cha kuonekana dirishani. Mwalimu, ambaye huwa hawezi kukataa jambo likishaanza na neno "kama", akakubali. Shemeji akafungua kopo lake la vifungo, akagawa katika kila nyumba: vifungo vya koti kwa watu wazima, na vile vidogo vya nguo za watoto wachanga kwa hao wengine. Kanuni mpya ni kwamba ukipiga nyumba unafunua paa, unatoa kifungo kimojakimoja, unakipanga mbele yako na kuhesabu kwa sauti.

Jumamosi iliyopita niliipiga nyumba ya kando ya daraja kwa sababu nyuma yake kulikuwa na mlenga shabaha wa shemeji. Nilihesabu mpaka tisa. Vidogo vilikuwa vitano. Dadu iliyofuata niliirusha ovyo, ikaanguka chini ya kabati, na kwa namna hiyo nikapoteza daraja na mchezo wote. Huu ni mchezo, Afande. Watu wanakuja kupumzika baada ya wiki ya kazi. Nilimwambia shemeji kwamba katika vita vya kweli mambo hayako hivyo. Akaniuliza, bila ubaya wowote, "Yakoje?" Nikamwahidi nitauliza kwa wanaojua.

Kutokana na hayo yote, naomba yafuatayo.

Kwanza, majeshi yako yasitishe matumizi ya droni kuanzia utakapopokea barua hii mpaka Jumamosi saa kumi na mbili jioni. Mwalimu amekubali kwamba kanuni zetu hufuata yale yanayofanyika duniani, kwa hiyo mkiacha nyinyi, shemeji naye itabidi aache. Si muda mrefu. Najua utasema upande wa pili hautaacha. Nimelifikiria hilo, na nakala ya barua hii nimemtengea mkuu wa majeshi wa upande wa pili, yeyote yule ambaye mtakuwa mnapigana naye wakati huo. Naomba tu unipatie anwani.

Pili, kama kusitisha haiwezekani, basi kila droni ipakwe rangi kwa mkono na mtu yuleyule atakayeirusha, kwa muda usiopungua miezi saba. Mimi nadhani mtu akishaifanyia kazi hivyo, hatairusha hovyo. Ataiweka kabatini na kuwaonyesha wageni.

Tatu, mrushaji naye apige magoti kwanza. Aweke kidevu chini, afumbe jicho moja, atazame mambo kwa urefu wa yule anayetaka kumpiga. Akisimama tena na bado anataka kupiga, hiyo ni shauri yake na goti lake.

Nne, na hili ndilo la haraka, naomba tamko rasmi, kwenye karatasi yenye nembo na mhuri, kwamba nyumba zilizo katika uwanja wa vita huwa tupu. Kama haiwezekani kusema zote, basi sema nyingi. Kama haiwezekani kusema nyingi, basi sema tu ile ya kando ya daraja, nami nitalibandika tamko lenu juu ya mlango na maneno yatakwisha.

Usinielewe vibaya. Mimi napenda vita. Nimevipenda tangu nikiwa na meno ya utoto, na ninaweza kukutajia unene wa chuma cha kifaru chochote bila kufungua kitabu. Ninachokataa ni hivi vya siku hizi, ambavyo havina subira, havina sare nzuri, na vinamlazimisha mtu wa heshima zake kuhesabu vifungo mbele ya shemeji yake.

Nisikuweke zaidi, najua una watu wanakusubiri. Nisalimie wote hapo Makao Makuu, madereva, wapishi, wapiga tarumbeta, na kwa namna ya pekee yule anayepaka rangi vifaru vyenu, maana najua hakuna anayemshukuru. Kaka yangu anakusalimu, ingawa ameniomba nisimtaje. Wanachama wote wanakusalimu, isipokuwa Koplo, ambaye nilipomwambia kuna salamu za kupeleka jeshini alisema anapita.

Nabaki katika ulinzi wa meza,

Mwenyekiti
(kwa sasa)

Tanbihi. Jumamosi alasiri. Barua hii ilichelewa kuingia posta kwa sababu nilikuwa narekebisha namba ya tatu, na kumbe ni heri. Naomba yote yaliyoandikwa hapo juu uyahesabu kuwa hayajaandikwa. Leo kabla ya kuanza, Mwalimu alirusha shilingi ya kuchagua upande, nikashinda mimi, nikachagua upande wa droni, na shemeji akanisogezea mfuko wake wa vizibo bila kinyongo. Afande, ni silaha nzuri sana. Sijui nilikuwa nalalamika nini. Nilisimama wima, goti halikuuma, nikaona kila kitu. Vifaru vyake viliisha raundi ya kwanza, askari raundi ya pili. Raundi ya tatu zilikuwa zimebaki nyumba tu, na nilikuwa bado na vizibo vinane mkononi, kwa hiyo nikapiga nyumba. Saa tisa na dakika ishirini kila kitu kilikuwa kimekwisha, na mimi bado ni Mwenyekiti. Koplo alivaa kofia yake akashuka ngazi bila kuaga. Mwalimu akakumbuka ana mgeni nyumbani, na wengine wakatoka naye. Shemeji akaniambia, "Hongera, Mwenyekiti," akaniachia mfuko na yeye akaenda. Chai nimeipika ya watu saba, kama kawaida, na sasa ni saa kumi kasoro. Nimebaki na swali moja, nalo si malalamiko. Mkishashinda namna hii, Afande, huwa mnafanya nini baada ya hapo?