Sahani Nyeupe ya Kitanda cha Tisa

Mbarara, tarehe 11 mwezi wa munane, 2009

Kwa Mukubwa wa Jiko la Bagonjwa,

Bwana Mukubwa, salamu mingi mu jina la Yesu. Ni miye Mama Nabintu wa kambi ya bakimbizi ya Nakivale, namulinda wifi yangu Mariette, ule wa kitanda cha tisa. Yeye analala juu, miye chini, kati ya kitanda na ndoo. Fasi ni nzuri, haina maneno.

Tunashukuru kwa sheria yenu mupya ya kukataza kutupa chakula. Mugonjwa akibakisha, nesi anaandika. Akibakisha mara mbili, sahani inakatwa nusu. Akili mingi! Mwenye kushindwa kula apewe kidogo, atajifunza. Lakini niko na malalamiko:

1. Nguruwe za nyuma ya jiko zimekonda. Nazo hazina wifi wa kuziandikia barua.

2. Posho yenu, ule ugali, ni ngumu kama tofali. Mama Ndayambaje wa kitanda cha sita anaificha ndani ya mto. Nesi akamuambia, "Mama, leo umekula, webale, asante!" Na mto unanuka maharagwe mupaka mulangoni. Miye sisemi mambo ya bantu.

3. Mariette, siku kumi na moja sahani yake inarudi nyeupe. Hata haragwe moja haibaki! Nesi alimupigia makofi mbele ya bote. Lakini aliingia na kilo arubaini na mbili, sasa ni talatini na munane. Mutu anamaliza sahani na anakonda? Basi mashine yenu ya kupima inasema uongo. Itengenezwe.

4. Munganga wa hospitali naye ameangalia sahani, hakuangalia Mariette. Ameandika: anakula muzuri, kesho arudi Nakivale. Arudi namna gani, mutu anashika ukuta kwa kwenda choo? Basi sahani ipande gari, kama ni yenyewe ilipona.

Basi naomba kwa heshima mumuache kwanza.

Musalimie bapishi bote, na ule mwenye kusahau chumvi, na nguruwe.

Ni miye mwenye kuheshimu jiko lenu,
Mama Nabintu

N.B. Mashine muiache, haina kosa. Sahani ya Mariette ni miye nakula, ili basimukatie nusu. Yeye anaweza kumeza uji tu. Jana nilipanda kwa ile mashine: nimeongeza kilo ine, zile zake kabisa. Mumupe uji, abaki kitandani. Kama kesho munatafuta mutu wa kurudisha Nakivale, ni miye. Nimepona.