Pampu Iliyolala na Kufuli Mkononi

Mkunazini, Mji Mkongwe
Jumanne

Kwa Fundi wa Programu, ambaye pia ni mpwa wangu, Talib,

YAH: MWENENDO WA PAMPU ULIYOTUFUNGIA

Marahaba kwa shikamoo uliyonitumia kwa simu. Naandika kwa karatasi kwa sababu jambo hili ni rasmi, na kwa sababu kwenye simu kila mara unaniambia, "Mjomba, nipo mkutanoni." Karatasi itakusubiri mkutano uishe.

Mwezi uliopita ulituletea kiboksi cha kuendesha pampu ya uani, ile inayovuta maji ya kisima na kuyapeleka ama kwangu chini ama kwa mama yako juu, kwa kuwa haina nguvu ya kutuhudumia wote wawili kwa pamoja. Ukatueleza kwamba ndani ya kiboksi umeandika programu, na ndani ya programu umeweka kufuli lisiloonekana: anayelishika ndiye anayepata maji, mwingine asubiri. Tulikupongeza. Mama yako, Bi Ghaliya, alikupigia hadi vigelegele. Sasa nina malalamiko, na nayapanga kwa namba kama nilivyozoea nilipokuwa karani bandarini.

1. Hodi. Kwa vile wewe ni kijana mwenye adabu, ulipanga kwamba kabla mtu hajashika kufuli, simu yake ipige hodi kwenye simu ya mwenzake, na mwenzake akijibu karibu ndipo pampu iwake. Jambo zuri sana, isipokuwa mimi na dada yangu tunatia udhu wa alfajiri wakati mmoja, kwa kuwa adhana ni moja. Mimi nikapiga hodi. Yeye akapiga hodi. Simu yangu ikasubiri karibu yake, simu yake ikasubiri karibu yangu, na kiboksi chako hakimruhusu mtu aliyesimama mlangoni akipiga hodi kumkaribisha mwingine. Nimeishi mji huu maisha yangu yote, sijapata kusikia watu wawili waliopigiana hodi mpaka jua likachomoza. Nilitia udhu kwa maji ya chupa, yale ya kunywa.

2. Ushauri wako. Ulisema dawa yake ni mmoja wetu aghairi, angoje kidogo, kisha ajaribu tena. Hukusema ni yupi. Mimi nikampisha yeye kwa kuwa ni mkubwa wangu. Yeye akanipisha mimi kwa kuwa, eti, nina haraka tangu utotoni. Tukaghairi pamoja, tukangoja pamoja, tukajaribu pamoja. Kesho yake tukafanya vilevile. Mtu angetuona angedhani tunacheza.

3. Usingizi. Hapa ndipo nilipokasirika kweli. Ulisema kiboksi kikikaa bila kazi kinalala, ili kisile umeme wa bure. Basi wiki iliyopita kililala hapo hapo katikati ya hodi zetu, kufuli likiwa mkononi mwake! Na programu yako inataka anayekwenda kukiamsha awe na kufuli kwanza. Yaani mlinzi kalala ndani, funguo kazitia mfukoni, na anayetaka kumwamsha sharti aingie kwa funguo hizo hizo. Nilikipiga kofi. Sidai kwamba kofi hilo lilikuwa la kitaalamu. Tangu siku hiyo hakuna tone, si juu wala chini.

4. Mama yako. Kwa kuwa maji hayapandi, anashuka na ndoo. Magoti yake unayajua. Tangu baba yako afariki alikuwa hashuki ila kwa msiba au Idi, tukawa tunajuliana hali kwa simu, na kati yetu kuna dari moja tu. Sasa anashuka kila asubuhi, ananingoja nimtekee kwa kamba pale kisimani, halafu haondoki. Anakalia kiti changu cha jikoni. Amezihamisha sufuria zangu zote. Anasema kahawa yangu ina tangawizi ya kutibu ng'ombe. Jana alinisimulia jinsi baba yetu alivyomkimbiza kuku wa jirani, akiwa na kanzu yake ya Idi, mpaka Darajani. Kisa ninachokijua vizuri kuliko yeye, kwa sababu kuku mwenyewe nilimfungulia mimi. Alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa changu cha meza. Taarifa ya habari sijaisikia wiki nzima. Na nikimpandishia ndoo, ananifuata nyuma akinielekeza ngazi, utadhani sikuzaliwa nyumba hii.

5. Tishio. Ametamka waziwazi: "Siku maji yakipanda, Zahran, hunioni tena huku chini. Nshachoka na ngazi mie." Naiombea siku hiyo ifike haraka. Mtu wa umri wangu anahitaji utulivu.

Kwa hayo, ninataka kiboksi kifundishwe nani mkubwa na nani mdogo katika nyumba hii, ili mkubwa akipiga hodi mdogo apishe bila mjadala. Kikitaka kulala, kikabidhi kufuli kwanza, kama karani yeyote anavyokabidhi funguo kabla ya kwenda likizo. Na kama hayo hayawezekani, basi wewe na mkeo Muzna hameni Mwanakwerekwe, mje mkae hapa ngazini, katikati ya juu na chini, uwe wewe mwenyewe ndiye kufuli. Mkeka tutakupa. Fika Ijumaa baada ya sala, bila kukosa, na bisibisi zako. Usipofika, nitalipeleka suala hili kwa sheha.

Msalimie Muzna, wasalimie wakwe zako wa Mtoni, na msalimie huyo anayewaitisha mikutano.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kiu na haki yake,

Zahran

Nakala: Bi Ghaliya, ghorofani (asipewe).

Nyongeza, Alhamisi: Barua nilikuwa sijaitia bahasha. Jana baada ya alasiri nilikuwa nimejinyoosha, nikasikia mabomba yananguruma ukutani. Kiboksi kimeamka chenyewe na maji yanapanda juu. Talib, moyo ulinishuka. Nikavaa shati, nikatoka mbio uani nikaizime swichi kubwa kabla mama yako hajatambua. Nikaikuta imeshazimwa. Kwenye ngazi kulikuwa na alama za kandambili zilizolowa, zimeshuka na zimepanda.

Leo asubuhi amekuja na ndoo yake, ameitukana pampu yako kwa maneno nisiyoweza kuyaandika, nami nikamsaidia kuitukana. Kwa hiyo Ijumaa njoo ule tu. Bisibisi ziache nyumbani.