Afande wa Majani

Jumatatu, 5 Agosti 1996
Baridi. Magoti yanauma. Miaka kumi na moja natunza stoo ya chuo hiki cha ufundi, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimechoka. Nimechoka.

Leo kuna habari. Mzee Saveri, Mjerumani anayefundisha useremala, ametangaza kwamba mmoja wetu ataenda kwao Bavaria miezi mitatu kuona jinsi karakana inavyoendeshwa. Atamchagua yeye mwenyewe. Maundu, mwalimu wa uashi, alirudi kutoka sokoni saa nane akiwa amevaa koti la mtumba linalofika magotini, tayari kwa baridi ya Ulaya.

Mimi nina akili kuliko koti. Saveri hucheza karata kila siku saa kumi jioni na Maundu na Nduku, mwalimu wa ushonaji. Mwenzao wa nne amehamia Wamunyu. Nimemwambia Saveri kwamba karata ziko kwenye damu yangu. Sijawahi kuzishika.

Jumanne, 6 Agosti
Nimecheza. Kadi nane kila mtu. Mmoja anatupa, wengine wanafuata aina ileile kama wanayo, mwenye kubwa anakula zote nne. Nimekula mara saba kati ya nane! Nilikuwa nacheka peke yangu. Nduku akaniinamia, akaniambia kwa upole, "Baba Ndila, huku anayekula ndiye anaumia."

Ni kweli. Kuna kadi moja mbaya, ofisa mwenye jani la kijani juu ya kichwa. Maundu anamwita Afande wa Majani. Ukimla huyo, umeshindwa. Kazi yote ni kumkwepa. Nilipomweleza mke wangu, Mwelu, alisema huo ni mchezo wa watu wavivu, basi nitauweza.

Jumatano, 7 Agosti
Nimemwomba Saveri historia ya mchezo, anione mtu wa nia. Makosa. Aliwasha kiko akaeleza saa nzima. Ni mchezo wa wakulima wa kwao, wanaucheza kwenye vilabu vya pombe, na yeye alifunzwa na babu yake. Nani aliuanzisha, hajui. Karata zao hazina malkia, chini ya mfalme ni maofisa na askari tu. Nilikubali kwa kichwa mpaka shingo ikakauka.

Alipotoka kutafuta kiberiti, nikakunja pembe ya Afande. Kidogo tu.

Alhamisi, 8 Agosti
Pembe imefanya kazi. Niliona wazi kwamba Afande yuko kwa Maundu. Nikatulia kama mtu aliyeshiba muthokoi.

Nduku akatupa nane ya majani. Mimi nilikuwa na jani moja tu mkononi, Mfalme, na sheria hairuhusu kutupa kitu kingine ukiwa na jani. Nikamweka. Maundu akamteremsha Afande chini yake taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. Nikamla. Nilijua kila kitu, na kujua hakukunisaidia.

Ijumaa, 9 Agosti
Kadi ya Afande imenyooka kabisa. Nduku ameipiga pasi. Akaichanganya na nyingine, akagawa kama kawaida. Afadhali angenitukana.

Kuna njia nyingine. Ukitangaza "Mauaji" kabla ya kuanza, unaahidi kula mara zote nane, na ukifaulu umewashinda wote. Leo nilipewa karata za kutisha, wafalme watatu na wakubwa wao. Nikatangaza kwa sauti. Wanafunzi wa uashi wakachungulia dirishani. Nikala mara moja, mbili, mpaka saba. Nikabaki na tisa ya kengele, aina nyingine ya karata zao. Nduku alikuwa na kumi ya kengele. Alikuwa ameitunza tangu mwanzo, akitupa kadi nzuri zaidi ili ibaki hiyo.

Maundu alicheka mpaka akavua koti.

Jumatatu, 12 Agosti
Ni Nduku. Ataondoka Septemba. Saveri alisema alishaamua tangu Machi na barua ilishatumwa. Karata hazikuhusika hata kidogo.

Nilimfuata karakana. Nilitaka kulalamika, lakini nikajikuta nasema ukweli. Nilimwambia nilitaka tu miezi mitatu ya kuamka mahali ambapo hakuna mtu anayeniuliza ufunguo uko wapi. Aliweka randa chini. Akanishika bega kwa mkono uliojaa unga wa mbao.

"Bartholomew," alisema, "tumekaa miaka sita. Sijakuona hata siku moja ukiacha kitu kikupite."

Nilirudi stoo nikaketi juu ya gunia la saruji. Nduku alikuja kuchukua uzi. Nilimpa, nikampongeza. Aliniambia pole, na sauti yake ilikuwa ya kweli. Hiyo ndiyo iliniuma zaidi.

Jumanne, 13 Agosti
Nimelala nikiyawaza maneno ya Saveri na sasa nimeyaelewa. Ni sifa. Mzee mzima, mtu wa kupima mbao, ameona kwamba hakuna kinachonipita. Mwelu anasema sivyo alivyomaanisha. Mwelu hajawahi kufanya kazi na Wazungu.

Na Mungu hamtupi mja wake. Maundu amesema Oktoba anakuja sista kutoka Italia, mpenda nyimbo, na huenda akarudi kwao na mtu wa kwaya. Nimejiandikisha leo asubuhi. Mwalimu wa kwaya aliniuliza naimba sauti ipi, ya juu au ya chini. Nimemwambia anipe zote mbili.