Baba wa Watoto Kumi na Mmoja

Jumatatu, 4 Machi
Mkaguzi anakuja Ijumaa! Cheo cha mwalimu wa taaluma ki wazi na tunaokitaka ni wawili: mimi na mwalimu wa sayansi, yule anayetembea na kiunzi cha mifupa ya plastiki. Mifupa! Mimi nina somo hai: Familia Zetu. Nimechora chati ya visanduku vinne: baba, mama, kaka, dada. Nakala arobaini. Wanafunzi wabandike picha, chati ziende ukutani, mkaguzi mwenyewe azimie.

Jumanne, 5 Machi
Chati zimerudi. Balaa tupu. Msichana wa dawati la mbele kambandika bibi yake kwenye baba na kwenye mama. Nimembandua kwenye baba. Utaratibu ni utaratibu. Mwingine ana mama wawili, aliyemzaa na aliyemlea, na anadai hawezi kuchagua. Msichana kiziwi ameandika kwamba kwao kuna dini mbili, lugha mbili na ya tatu ya mikono, kisha akauliza yeye anaingia wapi. Nikamwandikia: dada. Hakuridhika.
Visanduku kumi na kimoja vya baba ni vitupu. Mwalimu wa sayansi kachungulia dirishani, akasema ukuta wangu una mapengo. Atajua hajui!

Jumatano, 6 Machi
Akili ni mali. Nilipiga picha za pasipoti dazeni nzima kwa ajili ya kuomba cheo. Moja iko kwenye fomu. Zimebaki kumi na moja! Nimezibandika zote. Nimewaambia wanafunzi zinashika nafasi tu. Yule kiziwi akasema jambo kwa mikono, darasa zima likacheka, na hakuna aliyekubali kunitafsiria.
Nyumbani shangazi, aliyenilea tangu nina miaka mitatu, kauliza nimemweka wapi katika chati ya familia yangu mwenyewe. Nikasema nina madaftari ya kusahihisha.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi kautazama ukuta. Kanitazama mimi. Kautazama ukuta tena. Akauliza, kwa upole mno, kama mkuu wa shule anazo habari.
Wazazi nao walialikwa. Bibi wa yule msichana wa mbele akaenda moja kwa moja kwenye chati ya mjukuu wake, akabandua sura yangu, akanikabidhi.
“Mwalimu, mtoto huyu nimemlea mimi tangu ana siku tisa. Wewe ulikuwa wapi?”
Niliona aibu, nakiri. Kama dakika moja hivi. Mkaguzi akaandika.
Kisha akaigeuza chati ya yule kiziwi. Nyuma alikuwa amechora familia yake upya, mistari kila upande, bila kisanduku hata kimoja. Mkaguzi akaomba aende nayo. Nikamwambia hayo ni matunda ya mafunzo yangu. Cheo kimekwenda kwa mifupa.

Jumamosi, 9 Machi
Sikubali kushindwa na karatasi. Asubuhi nimeikuta chati ya familia yangu mezani. Baba na mama nilikuwa nimewaacha wazi, sina picha zao. Shangazi kajibandika kote kuwili. Kaniwekea chai akaenda zake. Amekaa vizuri, kusema kweli.
Lakini utaratibu ni utaratibu. Nimechora chati mpya yenye kisanduku cha tano: Wengineo. Shangazi nimemhamishia humo. Kisha nimekwenda studio, nikapiga picha dazeni mbili. Safari hii nimetabasamu.