Kioo cha Shiko na Usalama wa Kabiria

Ijumaa, 16 Mei 2003

Ndege za Waingereza hazitui tena Nairobi! Gazeti limeandika kwa herufi kubwa kama za bango. Wanasema magaidi wanatuvizia. Bwana Bhanu, tajiri wangu wa duka la vyuma Kirinyaga Road, amesoma ukurasa wa kwanza mara tatu, kisha akaniuliza kama watalii watarudi kabla ya Desemba. Nikamwambia sisi tunauza misumari, na mtalii hanunui misumari. Akasema mimi sielewi uchumi.

Sawa. Lakini usalama nauelewa. Serikali mpya haijamaliza hata miezi mitano, nchi nzima ina matumaini, halafu magaidi waje watuharibie? Tarehe 26 chifu ataitisha baraza, tuchague mwenyekiti wa kamati ya usalama ya mtaa wetu wa Kabiria. Wahome, mwenye bucha mkabala na ploti yetu ya nyumba za kupanga, ameshaanza kugawa supu ya bure. Supu! Nchi iko hatarini na mtu anagawa supu.

Mwenyekiti nitakuwa mimi, Ephantus Kibe. Wahome abaki na mifupa yake.

Jumamosi, 17 Mei

Mjini walinzi wana vioo vya mpini mrefu vya kuangalia chini ya magari. Nimetengeneza changu. Mpini wa jembe, waya wa dukani, na kioo cha mke wangu Shiko, kile cha kujirembea. Hakuwepo nyumbani, kwa hiyo sikumwomba.

Shida moja tu. Katika ploti yetu hakuna mwenye gari. Nimekagua mkokoteni wa maji. Chini yake nimekuta kuku wa Wahome. Nimeandika.

Afisa wa lango nimemteua Peres, mama mboga ambaye kibanda chake kiko palepale getini. Nimempa filimbi, daftari na ufunguo. Haogopi mtu, hasahau sura, na hacheki. Mtu wa kazi kabisa!

Jioni Shiko akatafuta kioo chake. Aliyoyasema siyaandiki.

Jumatatu, 19 Mei

Kanuni ziko tayari. Nimezibandika langoni. Lango lifungwe saa zote. Wageni waandikishwe mapema, na idadi yao ilingane na daftari. Filimbi ikilia, kila mtu ajifungie ndani, asitoke mpaka filimbi ya pili. Na filimbi ya pili haipulizwi bila amri ya mwenyekiti.

Peres akauliza kama mwenyekiti naye atajifungia. Nikamwambia kanuni haina ubaguzi. Akatikisa kichwa polepole, akaandika.

Wahome alipita akasoma. Akauliza kama kuku wake wanahitaji kitambulisho. Watu walicheka. Wacha wacheke.

Jumatano, 21 Mei

Watu wa Kihara wanakuja Jumamosi! Kihara ni mwalimu wa Limuru, kijana mpole, anataka kumwoa binti yangu Njambi. Wanakuja kuzungumzia mahari. Wageni kumi. Nimempa Peres idadi hiyo.

Njambi akanifuata nje. Akaniomba niweke kamati kando siku moja tu. Akasema, Baba, sijawahi kukuomba siku nyingine. Nikamwambia nitaona.

Shiko yeye hakuomba. Amesema nikiiharibu Jumamosi hiyo, atahamia kwa mama yake Kinangop na vyombo vyote.

Hawanielewi. Mwaka wa tisini na nane, siku ile ya bomu la ubalozi wa Marekani, Njambi alikuwa anasomea upigaji chapa mjini. Vioo vya duka vilishuka kichwani mwangu, nikatoka mbio kumtafuta. Nilimtafuta mpaka jioni, hospitali hii na ile. Nilimkuta nyumbani anaosha vyombo. Alikuwa amerudi kwa miguu. Tangu siku hiyo nikiona mlango uko wazi, lazima niufunge. Hilo sijamwambia mtu.

Jumamosi, 24 Mei

Aibu! Aibu tupu! Naandika nyuma ya tangi la maji, mahali pekee ambapo hakuna anayenicheka.

Wageni tuliwatarajia saa nne. Saa nne na nusu filimbi ikalia. Nikaruka! Nikafunga mlango, ufunguo mfukoni, wazee wangu wanne ndani, Shiko ndani, mashangazi ndani. Nikawaambia watulie.

Kisha nyimbo zikaanza nje. Nikajua mara moja: Wahome amekodi waimbaji wa kampeni! Shiko akasema hao ni wageni wetu, wimbo anaujua, wanaomba kufunguliwa lango. Nikamwambia hivyo ndivyo gaidi angependa tuamini. Akataka ufunguo. Nikamsomea kanuni. Tukangoja filimbi ya pili. Mwenye kuiamuru ni mwenyekiti. Mwenyekiti amejifungia. Hapo ndipo nilipoona kosa la kanuni, lakini wazee walikuwa wananitazama, ningefanyaje?

Nyimbo ziliendelea saa nzima.

Ukweli nimeupata baadaye. Walikuja kumi na watatu. Na nani aliwahi kuona watu wa mahari wakaja kwa idadi waliyoitaja? Peres akahesabu, akawaambia watatu warudi Limuru. Hakuna aliyekubali. Walipoona lango halifunguki, wakafurahi! Kwetu wageni wa mahari husimamishwa langoni waimbe mpaka wenyeji walainike. Wakadhani ni mila. Peres akaona watu waliokataliwa wanajipanga kwa furaha, akawashuku, akapuliza filimbi; hapo ndipo wakaanza kuimba. Na kadiri walivyokawia kufunguliwa, ndivyo walivyozidi kuamini kwamba binti huyu ni wa thamani kubwa, wakapandisha sauti. Wahome akawaletea mabenchi. Na supu.

Aliyemaliza mambo ni Njambi. Mchumba anayetakiwa afichwe chumbani mpaka aitwe! Alitoka kwa dirisha, lile moja ambalo sijalitia vyuma, na gauni jipya, viatu mkononi. Akampokonya Peres ufunguo, akawafungulia wageni wake mwenyewe. Kabiria itasimulia miaka kumi.

Niliposikia wageni wako uani nilifungua mlango, nikatoka nikidhani uchumba umevunjika. Mzee Karanja, ami yake Kihara na msemaji wao, alisimama katikati ya ua akanitazama, mimi na kioo changu. Shiko alikuwa ameshika khanga mdomoni. Halafu yule mzee akacheka mpaka kofia ikamwanguka. Akasema ana miaka thelathini akisindikiza mahari, hajawahi kufungiwa nje kwa bidii namna hiyo, na nyumba inayomlinda binti hivi hawawezi kuiacha. Ila mimi ninatozwa faini ya mbuzi mmoja, kwa kuchelewa kufika nyumbani kwangu mwenyewe.

Makofi! Njambi alikuwa kando ya Kihara, miguu ina matope, anacheka. Mlango wazi, lango wazi, nami sikwenda kufunga. Nikalia mbele ya watu wote. Peres akaandika saa.

Jumatatu, 26 Mei

Baraza limemchagua Wahome kwa sauti moja. Eti ndiye aliyewatunza wageni wakati lango limefungwa. Nikampa mkono. Alinipa bakuli la supu. Ni nzuri, siwezi kusema uongo.

Bwana Bhanu amesikia kila kitu, hata huko mjini. Amenipa ruhusa ya siku tatu za harusi, na anasema ndege nazo zitarudi, watu hawawezi kuogopa milele. Leo nimemkubalia, uchumi na yote.

Harusi ni Agosti. Nimemuuliza Njambi kwa upole kutakuwa na magari mangapi. Sita. Magari sita ya kweli, yenye sehemu ya chini ya kukagua! Hiyo si kazi ya muuza nyama. Peres ameshanunua daftari jipya. Wageni mia tatu, na safari hii idadi itakuwa sawasawa.

Kile kioo cha zamani ni kidogo mno kwa kazi hii. Lakini jana Shiko alinunua kipya, kikubwa, kirefu kama mlango. Amekikaza ukutani kwa skrubu nne ili nisikiguse.

Dukani kwa Bwana Bhanu tunauza bisibisi.